Chumba cha Pasi

Kila Jumapili jioni, nyumbani kwa akina Kidoti kulikuwa na kazi mbili zisizo na mjadala. Kidoti alisugua viatu vya shule penye mlango wa nyuma, na bibi yake alipiga pasi sare. Mama yake Kidoti alikuwa amejaribu mara nyingi kumpumzisha mama mkwe wake, lakini wapi! "Niachie mwenyewe," bibi alikuwa akisema huku akiivuta pasi. "Wewe mwanangu mapishi unayaweza, lakini pasi unaipiga kama mtu anayekimbizwa." Na kweli, marinda ya sketi ya Kidoti yalinyooka kuliko ya msichana yeyote shuleni.

Bibi hakuwa mtu wa kununa. Alimwita mjukuu wake "mke mwenzangu," na yeye ndiye aliyembandika jina la Kidoti kwa sababu ya alama ndogo nyeusi kidevuni mwake. Jumapili hiyo alikuwa na furaha ya kupita kiasi. Alipomaliza sare, alitandika mezani gauni lake la buluu, lile la kuendea harusini, akaanza kulipiga pasi huku akiimba kwa sauti ya chini. Kesho yake darasa la Kidoti lilikuwa linakwenda kutembelea jumba la kilimani, na mwalimu wa historia, aliyesikia kwamba bibi aliwahi kuishi humo, alikuwa amekuja mwenyewe nyumbani kumwalika afuatane nao.

Zamani jumba lile lilikuwa makazi ya tajiri mmoja mwenye mashamba yasiyo na mwisho. Tajiri alipofariki na watoto wake kutawanyika, geti lilifungwa kwa miaka mingi. Sasa mali yote ilikuwa ya umma. Bustani zilikuwa mahali pa watu kupumzika, na vyumba vilikuwa makumbusho. Bibi alifanya kazi pale alipokuwa msichana, kabla hajaolewa. Alikuwa akipiga pasi.

Kidoti aliyajua hayo tangu utotoni. Tatizo ni kwamba darasani hakuyasema yote.

Siku mwalimu alipotangaza safari, rafiki yake aliyeitwa Redio, maana mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia, alijigamba kwamba mjomba wake aliwahi kupeleka mizigo kwenye jumba hilo. Kidoti naye hakutaka kuachwa nyuma. "Bibi yangu aliishi mlemle ndani," alisema. Hilo lilikuwa kweli, kwa kuwa wafanyakazi walikuwa na vyumba vyao nyuma ya jikoni.

"Aliishi?" Redio macho yalimtoka. "Kwa hiyo bibi yako ni binti wa tajiri!"

Kidoti angeweza kusema hapana. Badala yake alitabasamu, akainamia daftari lake kama mtu asiyependa kujisifu. Basi, Redio akamaliza kazi. Ilipofika saa ya mapumziko, bibi alikuwa na farasi wake mwenyewe na vijakazi wawili. Siku ya pili alikuwa na kitanda cha dhahabu. Wasichana wa darasa la juu walianza kumsalimia Kidoti kwa heshima, naye, lazima tuseme ukweli, alivimba kichwa.

Sasa alikuwa ameketi na kiatu kimoja mkononi, jasho jembamba likimtoka.

"Bibi," alisema, "kesho, nakuomba kitu."

"Sema, mke mwenzangu."

"Usiwaambie kuhusu pasi."

Bibi aliacha kuimba. "Nisiwaambie nini?"

"Kwamba ulikuwa unapiga pasi. Wao wanadhani..." Kidoti alisugua kiatu kilichokuwa tayari kinang'aa. "Wanadhani ulikuwa mtu wa nyumba ile. Watanicheka, bibi. Watanicheka mpaka nihame shule."

Bibi aliigeuza pasi na kuisimamisha pembeni ili isiunguze gauni. Hakugomba. Kidoti alitamani agombe. "Haya," bibi alisema hatimaye. "Nitafunga mdomo." Akaendelea kulinyoosha gauni lake, lakini wimbo haukurudi tena.

Basi la shule liliwafikisha kilimani asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali. Njia ya kuingilia ilipita katikati ya miti mirefu, na pande zote kulikuwa na maua ya kila rangi yaliyopandwa kwa safu. Bibi alisimama getini akavuta pumzi ndefu. Midomo yake ilifunguka kidogo, kama mtu aliyetaka kutaja jina la rafiki wa zamani, kisha ikafungwa.

Waliongozwa na kijana mmoja mchangamfu wa makumbusho, mwenye tai iliyopinda na sauti ya kuamsha waliolala. Aliwapitisha kwenye ukumbi wenye picha za tajiri na jamaa zake, kisha wakapanda ngazi kuu ya mbao iliyong'aa. Bibi aliupapasa mkono wa ngazi, akamnong'oneza Kidoti, "Miaka yote ile sikuwahi kupanda hapa. Sisi tulikuwa na ngazi yetu kule nyuma." Kidoti alimbana mkono anyamaze, na mara hiyohiyo akajionea haya.

Redio hakuwa mbali. "Shikamoo bibi! Chumba chako cha kulala kilikuwa kipi kati ya hivi?"

"Marahaba, mwanangu," alijibu bibi. "Mimi nilikuwa nalala kule nyuma, chini."

"Nyuma?"

"Kulikuwa na upepo mzuri."

Redio akageuka kwa wenzake. "Mmesikia? Matajiri wana mambo! Anaacha vyumba vyote hivi anafuata upepo!" Wenzake wakacheka kwa kustaajabu. Bibi naye alicheka kidogo, lakini Kidoti aliona kwamba macho yake hayakucheka. Ilikuwa vivyo hivyo kila mahali. Kwenye chumba cha kulia, bibi alisimama mbele ya kitambaa cheupe cha meza, akakitazama mpaka mwalimu akalazimika kumwita. Kwenye dirisha la nyuma aliona kisima, akaanza, "Pale ndipo tulipo..." akakatiza. Alikuwa amerudi mahali alipoutumia usichana wake, na hakuwa na ruhusa ya kusema hata neno.

Chumba cha mwisho kilikuwa chini, mwisho wa ujia mwembamba. Bibi hakuhitaji kuongozwa. Alimtangulia mwongozaji, akasimama mlangoni.

Kilikuwa chumba cha kawaida chenye meza ndefu, dirisha moja kubwa, na rafu iliyopangwa pasi za mkaa, nyeusi na nzito. Mwongozaji aliinua moja kwa mikono miwili, akaipandisha juu. "Haya, nani anaweza kutuambia hiki ni nini na kilitumikaje?"

Wanafunzi walitazamana. Mkono wa bibi ulipanda. Ulifika usawa wa kifua, kisha macho yake yakakutana na ya Kidoti, na mkono ukashuka. Akauficha ndani ya mtandio wake.

Mwongozaji hakuona. "Hizi ni pasi za mkaa," aliendelea. "Nguo zote za jumba zilinyooshwa humu. Na nitawaambia jambo moja linalonisikitisha. Wenye nyumba tunawajua wote, picha zao mmeziona. Hata farasi wao tunawajua kwa majina. Lakini wanawake waliofanya kazi katika chumba hiki hatumjui hata mmoja. Walikuwa akina nani? Hakuna wa kutuambia."

Mwalimu alitikisa kichwa kwa masikitiko. Bibi alikuwa anatazama sakafu. Farasi wanajulikana, Kidoti aliwaza, na bibi yangu amesimama hapa kama mgeni, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo.

"Yupo," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Mwongozaji akainama. "Unasemaje, binti?"

"Yupo wa kuwaambia. Ni bibi yangu." Alipokwisha kuanza hakuweza kurudi nyuma. "Alifanya kazi humu. Alikuwa anapiga pasi."

Kama ilivyotarajiwa, Redio ndiye aliyepata sauti kwanza. "Si ulisema ni binti wa tajiri?"

"Sikusema. Ninyi ndio mlisema, mimi nikanyamaza. Lakini ni uongo uleule." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Na nilimwomba bibi asiseme kitu leo. Naombeni mnisamehe."

Kuna waliocheka, usidhani hawakuwepo. Msichana mmoja wa nyuma alinong'ona jambo kuhusu kitanda cha dhahabu, na masikio ya Kidoti yakawaka moto. Lakini mwongozaji alikuwa ameshaiweka pasi mezani na kumkimbilia bibi kama mtu aliyeona ndugu yake stendi. "Bibi! Ni kweli? Humu humu?"

Bibi alimtazama Kidoti kwanza. Kidoti aliitikia kwa kichwa.

"Humu humu," alisema bibi, na sauti yake ilitetemeka. "Meza yangu ilikuwa hapa, karibu na dirisha."

Basi, mdomo ulipofunguka, ulifunguka. Bibi aliwaonyesha walivyokuwa wakiipunga pasi mlangoni ili makaa yashike moto, na walivyoisogeza karibu na shavu kupima joto lake. Aliwaeleza hofu yao kubwa, cheche moja kurukia kitambaa cheupe cha meza ya wageni. Siku moja cheche iliruka kweli, na mwenzake mmoja aliyekuwa mwembamba kama ufagio akakaa juu ya kile kitambaa, akakataa kuinuka hadi msimamizi wa nyumba alipoondoka. "Alifikiri akikikalia, tundu litajiziba!" Darasa zima liliangua kicheko, na Redio alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ilikuwa kazi ngumu, bibi?" aliuliza mwalimu.

"Ngumu, mwalimu. Mgongo uliuma, na siku za joto chumba hiki kilikuwa tanuri. Lakini tulikuwa wasichana. Tuliimba humu tangu asubuhi, na dirisha lile lilituletea harufu ya mawaridi. Wenzangu wengi wametangulia mbele ya haki. Leo nilipopita mlangoni nimewasikia." Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, bila kuficha.

Mwongozaji aliuliza kwa upole, "Jina lako nani, bibi? Ukiniruhusu, nataka liandikwe ukutani hapa."

Bibi alilitaja jina lake lote, lake na la baba yake, polepole. Kisha akataja majina ya wenzake, mmoja mmoja, hata yule aliyekalia kitambaa.

Baadaye wanafunzi waliachiwa watembee bustanini. Redio alimpita Kidoti akiwa amenuna. "Umeniaibisha, mwenzangu. Nimemtangazia kila mtu," alisema. Alipiga hatua chache, akageuka. "Ila bibi yako ana hadithi! Mwambie nitakuja kwenu Jumapili." Kwa Redio, hiyo ilikuwa sawa na kusamehe.

Kidoti alimkuta bibi kwenye benchi karibu na mawaridi, akaketi kando yake. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo alianza na kilio.

"Nisamehe, bibi. Nilitaka wakuone mtu mkubwa."

"Najua." Bibi alimvuta karibu. "Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Ulitaka kunikuza, kumbe ulikuwa unanifuta. Yule binti wa tajiri mliyemtunga darasani hakuwahi kumlea baba yako. Aliyemlea ni mpiga pasi. Kazi halali haina aibu, na ukiificha kwa uongo, hufichi kazi ya mtu tu, unamficha yeye mwenyewe. Jana usiku nililala nikijiuliza, huyu mtoto ananionea haya mimi?"

"Siyo wewe, bibi. Nilikuwa naogopa kuchekwa."

"Na umechekwa?"

"Kidogo."

"Umekufa?"

Kidoti alicheka katikati ya machozi. "Hapana."

"Basi. Kuchekwa kunapita. Uongo ndio unaotaka kulishwa kila siku, na leo ulikuwa unakula siku yangu nzuri. Umefanya vizuri kuukatiza. Ulichelewa, lakini umefanya."

Walikaa hapo mpaka mwalimu alipopuliza filimbi. Getini, mlinzi aliyekuwa akihesabu wageni alimwona bibi anatembea polepole huku akigeuka nyuma kila mara. Akamfungulia upande wa pili wa geti ili apite kwa nafasi.

"Karibu tena, mama," alisema. "Ndiyo mara yako ya kwanza kufika kwetu?"

Bibi alimtazama Kidoti akasubiri.

"Hapana," alisema Kidoti, kwa sauti ambayo hata Redio aliisikia kutoka mlangoni mwa basi. "Bibi yangu alifanya kazi hapa. Alikuwa mpiga pasi."