Mfarishi wa Koko Philémon

Kila siku baada ya shule, Euphrasie alipanda kilima cha Kadutu, akatua mkoba, akakaa kuchambua sufu. Shuleni, tangu nchi iitwe Zaire na majina ya Kizungu yakatazwe, aliandikwa Nabintu, lakini nyumbani jina lilibaki lile lile. Mama yake, Maman Virginie, alishona mifarishi, yale mablanketi mazito ya kulalia, ya vipande vya vitenge yenye sufu ya kondoo katikati. Kila mtu wa familia alikuwa na wake. Sasa zamu ilikuwa ya babu yao, Koko Philémon, aliyelazwa hospitali ya Katana wiki sita mpaka mgongo ukachubuka vidonda. Jumamosi angerudi.

Sufu ilitoka Walungu imejaa miiba midogo ya malishoni. Mifuko miwili Euphrasie aliichambua vizuri, mpaka vidole vikamuuma. Wa tatu, lo, wenzake walikuwa nje wakiruka kamba! Aliuosha tu, akauanika, akamwambia mama kazi imekwisha. Nani angeona ndani ya mfarishi?

Katika nyumba ile, mfarishi haukutolewa kabla aliyechambua sufu hajaulalia. Ijumaa mchana Maman Virginie aliutandika mkekani, akamwita bintiye. Euphrasie alijua fika kwamba sufu ya mfuko wa tatu iko upande wa kulia. Mjanja huyu akajilaza kushoto, akatulia tuli. Mama akaridhika, akaukunja.

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, Koko aliletwa, amekonda, akiegemea fimbo. Aliupapasa mfarishi, akawaambia majirani kwamba mjukuu wake ameitayarisha sufu kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati ili ajilaze. Euphrasie aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga.

"Koko, usilale kwanza," alisema. "Ile mufuko ya tatu sikuichambua. Iko na miiba."

Maman Virginie hakufoka. Alichukua mkasi, akafumua mshono, akamwekea bintiye sufu yote ya kulia mapajani. Koko naye akavuta kiti, akachambua pamoja naye.

"Wewe ulijua pa kulala," alimwambia taratibu. "Mimi ningejua wapi?"

Euphrasie akaendelea kuchomoa miiba.

"Kazi ya ndani, anayeiharibu haonekani," mama alisema, "lakini atakayeilalia ataisikia mwilini. Umesema kabla hajaumia, na hilo limenifurahisha. Siku nyingine usingoje mpaka hapo."

Mfarishi uliposhonwa upya, mama hakumwita mtu. Euphrasie mwenyewe alivua sweta, akajilaza, akabingirika kutoka pembe hii mpaka ile. Kisha akainuka, akampisha babu yake.

"Sasa lala, Koko," alisema. "Popote."