Lori Lisilo na Ufunguo

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufua sare zake za shule, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa stoo akachambua vitunguu. Vizima alivitia kwenye gunia, vyenye madoa alivitenga vya kupikia nyumbani, na vilivyooza alivitupa kwenye ndoo yenye mfuniko. Jina zuri alikuwa nalo, ila nyumbani hakuna aliyelitumia. Walimwita Kiherehere, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Mgeni akipiga hodi, yeye ndiye aliyefika mlangoni kwanza. Maziwa yakichemka, yeye ndiye aliyetangaza, hata kama yalikwisha kumwagika.

Mama yake, ambaye watu wote walimjua kama Mama Vitunguu, alinunua vitunguu kwa wakulima na kuviuza kwenye masoko ya mbali. Kazi hiyo aliiweza sana. Kilichomshinda kilikuwa malori ya kukodi. Mwenye lori akisema atakuja Jumatatu, pengine huonekana Alhamisi, na vitunguu havimsubiri mtu. Msimu uliopita magunia mengi yaliozea stoo, na Mama akashinda kutwa nzima akivitoa nje ndoo kwa ndoo. Kesho yake akasema, "Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nitanunua lori langu mwenyewe." Ujanani aliwahi kuendesha gari la kubebea maziwa, na leseni yake bado aliitunza sandukuni.

Akawafungua ng'ombe wake kamba, mmoja mmoja, akawauza wote. Kisha akaenda kwenye mnada wa magari ya zamani ya jeshi. Alirudi na lori la kijani, likiburutwa na trekta. Milangoni lilikuwa na namba nyeupe zilizofutika nusu, nyuma lilikuwa na mabenchi ya askari, na ndani ya bomba la moshi nyigu walikuwa wamejenga.

"Jirani," mshonaji wa ng'ambo ya barabara aliita, mikono kiunoni, "umenunua gari au umenunua vita?"

"Nimenunua ng'ombe wa chuma," Mama akajibu. "Huyu hataki majani."

Kiherehere alikuwa amekwisha kupanda ndani, ameshika usukani uliokuwa mkubwa kama ungo. "Mama, mbona sioni pa kutia ufunguo?"

"Halina ufunguo. Hata mimi nilimuuliza yule askari wa mnadani, akanicheka. Akaniambia, 'Mama, vitani nani atakaa kutafuta ufunguo?' Unapandisha swichi hii, unabonyeza kitufe hiki, basi."

Maneno hayo Kiherehere hakuyasahau.

Kulitengeneza ndiko kulikokuwa na kazi. Mama alimwita fundi mmoja mtu mzima, mpole, ambaye aliweza kufanya kazi nusu ya siku bila kusema zaidi ya "leta" na "shika". Walifukuza nyigu kwa moshi. Waliteremsha tangi la dizeli wakatoa humo tope na kutu hadi Mama akauliza kama askari walikuwa wakilima ndani yake. Walibadilisha chujio na betri zote mbili. Kila akitoka shuleni, Kiherehere alivua sare, akavaa gauni kuukuu na kwenda kushika na kuleta.

Kisha ikafika siku ya kutoa hewa. "Dizeli haipendi hewa," Fundi alieleza, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. "Hewa ikibaki kwenye mabomba, injini haiwaki hata uibembeleze vipi." Yeye alilegeza nati, Kiherehere akasukuma pampu ndogo ya mkono, na mapovu yakatoka, yakatoka, mpaka dizeli ikaja safi bila povu hata moja. Fundi akapanda, akapandisha swichi, akabonyeza kitufe. Lori likakohoa, likatema moshi mweusi, likanguruma. Mama akapiga vigelegele. Fundi alipozima, Kiherehere hakuwepo. Alikuwa amekwisha kuvuka barabara kumtangazia mshonaji.

Ilibaki rejeta, tangi la maji ya kupoza injini. Ijumaa jioni waliisuuza, wakamwaga maji yote machafu yenye kutu. Jumamosi mabomba ya mji yakawa makavu, kwa hiyo Mama akachukua mkokoteni na madumu akaenda kutafuta maji safi kisimani. Fundi naye akabeba ngazi ya mlango wa lori iliyovunjika, akaipeleka kwa mchomeleaji, mtaa wa pili.

"Injini haina maji," alisema kabla ya kuondoka. "Kitufe kisiguswe mpaka nirudi. Umesikia?"

"Nimesikia, Fundi," akajibu Kiherehere. Naye alisikia kweli.

Haukupita muda akaja binamu yake, mtoto wa mjomba. Tangu lori lifike alijiita Kamanda, na kila siku alisimama juu yake akiamrisha majeshi. "Hili lenu ni pambo tu," alisema. "Haliendi popote."

"Linawaka! Mimi ndiye niliyetoa hewa. Hata kuliwasha najua."

"Wewe? Debe tupu haliachi kuvuma."

Kiherehere alihisi masikio yakimwaka moto. Maneno ya Fundi yalimjia kichwani, naye akayapisha yapite. Kidogo tu, alijiambia, kisha nitazima. Akapanda, akapandisha swichi, akabonyeza. Lori likanguruma mara moja. Kamanda akasimama wima akapiga saluti, na kwa muda mfupi Kiherehere alijiona mtu mkubwa sana.

"Haya, basi, zima."

Kiherehere akashusha swichi. Lori likaendelea kunguruma. Akaipandisha, akaishusha tena. Halikusikia. Akabonyeza kitufe, ukatoka mlio wa vyuma kusagana, akaondoa mkono upesi.

"Zima, bwana!"

"Halizimiki!"

Kamanda aliruka chini. "Tukimbie! Tutasema limejiwasha lenyewe. Hata ufunguo halina, nani atajua?" Na yule jemadari wa majeshi akapenya kwenye tundu la uzio, akatoweka.

Kiherehere hakukimbilia nje. Alikimbilia stoo, akajikunyata nyuma ya magunia, mikono masikioni. Fundi atarudi tu, aliwaza. Atalizima mwenyewe. Ng'ambo ya barabara mshonaji alipaza sauti, "Fundi, leo linaimba!" kisha cherehani yake ikaendelea. Kwa hiyo mshonaji alidhani Fundi yupo. Hakuna aliyekuwa akija.

Akakaa. Akaendelea kukaa. Baadaye akasikia harufu ya rangi inayoungua, na mawazo yakamrudisha kwa Mama akifungua kamba za ng'ombe, mmoja mmoja. Akatoka mbio.

"Fundi!" alipiga kelele hata kabla hajafika kwa mchomeleaji. "Nimeliwasha mimi! Halizimiki!"

Fundi aliacha kila kitu, na viatu pia. Alikimbia peku, akapanda, akaingiza mkono chini ya usukani akavuta kijishikio cheusi kilichofungwa kwenye waya. Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Kumbe swichi ile haikuwa na la kuiambia injini ya dizeli ikishawaka. Ilizimwa kwa kuinyima mafuta, na kijishikio chake kilikuwa pale pale siku zote.

Wakati huo huo Mama akaingia uani akisukuma mkokoteni. Alimwona Fundi bila viatu na binti yake akilia. "Kuna nini?"

"Nimewasha lori, Mama. Nikashindwa kulizima, nikaenda kumwita Fundi."

Mama alilitazama lori, kisha akamtazama mwanawe. Alishusha pumzi. "Umekosa, na hilo tutalizungumza. Lakini umefanya vizuri kumkimbilia mkubwa mara moja. Mwingine angejificha."

Neno hilo lilimchoma Kiherehere kuliko kofi.

"Kama limewaka kidogo tu halina neno," alisema Fundi akihema; upepo ulikuwa umekwisha kuichukua ile harufu ya rangi. "Tulitie maji, tujue moja." Akajaza ndoo, akapanda kwenye bampa la mbele, akafungua kifuniko cha rejeta.

Hapo kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Kosa lilikuwa limekwisha kusamehewa nusu, sifa zimekwisha kutolewa, na nani angejua? Ndoo ikainuka. Kiherehere akaitazama ikianza kuinama.

"Fundi, ngoja! Usimwage!"

Wote wawili wakageuka.

"Sikuja mara moja. Nilijificha stoo. Nilikaa muda mrefu, mpaka nikasikia rangi inanuka. Mama, mimi ndiye huyo mwingine aliyejificha."

Fundi alishuka taratibu, akaiweka ndoo chini. Akafungua boneti, akachovya vidole majini, akanyunyizia matone machache juu ya injini. Yakachachatika, yakatoweka.

"Ningemwaga," alisema kwa sauti ndogo, "ningeipasua. Chuma chenye moto namna hii ni kama chungu kilichotoka jikoni. Ukikipa maji baridi ghafla, kinalia mara moja tu. Na injini ikipasuka, sina dawa yake."

Mama alikaa kwenye mkokoteni. Hakugomba. Kiherehere akatamani mno agombezwe.

"Sasa tufanyeje?" Mama aliuliza hatimaye.

"Tusubiri. Lipoe lenyewe mpaka kesho. Pengine limeumia, pengine halikuumia. Leo siwezi kusema." Akakuna kichwa. "Na mimi nina kosa langu, Mama Vitunguu. Nilipaswa kuondoa waya wa betri kabla ya kutoka. Niliacha gari lisilo na ufunguo, nikaacha na waya."

Jioni ile Kiherehere aliosha vyombo bila kutumwa, kisha akaenda kusimama karibu na lori, akaweka kiganja kwenye boneti. Bado lilikuwa na vuguvugu. Mama akaja akasimama naye, akamwekea mkono begani.

Asubuhi Fundi alifika mapema. Alitia maji polepole, akisimama na kusikiliza. Hayakuvuja popote. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakichovya tena, akakiinua juani. "Oili ikichanganyika na maji huwa nyeupe kama uji," alisema. Kiherehere alifumba macho. "Fumbua, mwanangu. Nyeusi tititi."

Kisha akafungua mlango wa dereva. "Panda."

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayejua kuwasha. Leo utajifunza kuzima."

Kiherehere akabonyeza kitufe. Lori likakohoa, likanguruma. Fundi akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akasikiliza hapa, akasikiliza pale, huku Mama akimtazama usoni kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Fundi akatabasamu. "Zima!" Kiherehere akavuta kijishikio. Kimya. "Washa! Zima!" Wakarudia hivyo hadi mkono ukamchoka.

Kamanda alitokeza kwenye tundu lile lile la uzio, kichwa chini. "Shangazi, jana nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemchokoza, kisha nikakimbia."

"Vizuri umesema," Mama akamwambia. "Sasa chukua brashi na sabuni. Mabenchi ya askari yanasubiri kusuguliwa na Kamanda wao."

Hata Fundi alicheka. Kisha Mama akamketisha binti yake kwenye kigoda cha stoo, akatoa kitunguu kimoja guniani. Kwa nje kilikuwa kizuri, chekundu, kinang'aa. Akakikata. Ndani kilikuwa kimeoza.

"Jana uliniambia ukweli mara mbili," alisema. "Ule wa kwanza ulikuwa kama hiki. Maganda mazuri, mimi nikausifu. Ungeishia hapo, leo tusingekuwa na lori. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ukweli wa nusu ni kuficha pia. Kosa la kuwasha lilikuwa kubwa, mwanangu, nawe utachambua magunia yote ya wiki hii peke yako. Lakini ule ukweli wa pili, uliousema huku sifa ziko mkononi mwako, huo ndio uliookoa chakula chetu. Ukianza kusema kweli, iseme yote."

"Nimeelewa, Mama."

"Na kingine," Fundi aliongeza huku akikusanya vifaa vyake. "Kabla hujawasha kitu chochote duniani, uliza kwanza kinazimwaje."

Wiki iliyofuata lori la kijani lilipakiwa magunia hadi juu, likaondoka siku ile ile Mama aliyoitaka. Mshonaji alilipungia kitambaa. Kiherehere alikaa kando ya mama yake njia nzima, mikono mapajani, asiguse kitu. Walipofika sokoni na wapakuzi wakaja mbio, Mama aliegesha, akavuta breki, akamgeukia.

"Haya, mwanangu," alisema. "Zima."

Kiherehere akainama, akavuta kijishikio mpaka mwisho. Lori likanyamaza.