Somo Yangu, Somo Langu

"Wakio!"

Crispus aliita akiwa mlangoni, kofia ya kazi ya reli kichwani.

"Naam!" aliitika mkewe kutoka chumbani.

"Naam!" aliitika nyanya kutoka jikoni.

Crispus akacheka. "Haya basi, nimeita mmoja nimepata wawili. Natafuta chai tu, jamani."

"Chai iko huku, mume wetu," nyanya alisema. "Huyo mwingine bado anatafuta kiatu."

Nyumba hiyo ya Voi ilikuwa na akina Wakio wawili. Nyanya alizaliwa usiku, ndiyo maana aliitwa Wakio, kama kawaida ya Wataita. Mjukuu wake, mke wa Crispus, naye akazaliwa usiku, akapewa jina hilo hilo. Kwao Chawia, kule milimani, mtu akitaka kueleweka alitaja na mahali. Nyanya alikuwa Wakio wa jikoni. Mjukuu alikuwa Wakio wa shule. Wao wenyewe waliitana somo, maana watu wenye jina moja ni masomo. "Somo yangu," nyanya alikuwa akisema, "lete chumvi." Na chumvi ililetwa mbio.

Nyanya alikuwa ameteremka kutoka Chawia kuja kutibiwa macho. Jicho moja lilipasuliwa, likapona. La pili lilikuwa bado na ukungu. Joto la Voi alililalamikia kutwa. Vumbi lake alilisema vibaya zaidi. Lakini hakuwa na haraka ya kurudi mlimani, na sababu yake ilikuwa moja. Alikuwa akijifunza kusoma.

Alianza Chawia, katika darasa la ngumbaru. Akashindwa kwa sababu ya macho. Herufi za kitabu zilimchezea kama siafu. Siku moja, mbele ya akina mama wa kanisa, alijisahau akasema, "Jumapili ya Mavuno somo la kwanza nitasoma mimi." Mama mmoja anayeitwa Jerusha akaangua kicheko. "Labda usome ndotoni, Wakio!" Wenzake nao wakacheka. Nyanya hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji akaandikisha jina lake. Sasa Jumapili ya Mavuno ilikuwa inakaribia.

Wakio wa shule alijua jambo hilo lilivyomkaa nyanya moyoni. Yeye alikuwa mwalimu wa kompyuta katika kituo cha mafunzo cha kanisa pale Voi. Ilikuwa mwaka wa themanini na nane, na kompyuta ya kituo ilikuwa moja tu. Ilifunikwa kitambaa cha maua kama redio ya bwana arusi. Wakio alikaa nayo baada ya darasa, akaandika programu kwa lugha inayoitwa BASIC. Hiyo ni lugha ya kuiamrisha kompyuta. Programu aliiita HERUFI.

HERUFI ilifanya kazi ndogo, lakini nzuri mno. Ilionyesha neno moja tu kwenye kioo, kwa herufi kubwa kama tofali. Ilingoja. Nyanya akishalisoma, alibonyeza kibonye kirefu cha chini. Neno jingine likaja. Hakuna kurukaruka mistari, hakuna siafu.

Nyanya aliipenda! Kila jioni alioga, akajifunga kanga safi, akaenda kituoni na mjukuu wake.

"Shu-ku-ru," alisoma. "Shukuru! Hee! Somo, umeniona?"

"Nimekuona, nyanya."

"Jerusha atakoma kucheka."

Wakio aligeuka upande, akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha maua.

Sasa sikieni yaliyotokea. Wanafunzi wa kituo walikuwa wakijiandaa kwa mtihani. Mtihani huo ulitaka BASIC ya toleo jipya. Lugha ya kompyuta hutolewa, kisha hurekebishwa na kutolewa tena. Kila itokapo upya huitwa toleo. Wakio alipata disketi za toleo jipya. Akazitia, akafuata maelekezo, kompyuta ikalipokea. Alifurahi, akafunga mlango akaenda nyumbani.

Jioni iliyofuata nyanya alikaa kitini. Wakio akaandika yale yale aliyoyaandika siku zote: BASIC HERUFI. Kisha akasogea, maana nyanya alipenda kubonyeza mwenyewe ili programu ianze.

Nyanya akabonyeza. Kompyuta ikalia, pii! Kioo kikajaa maneno madogo ya Kizungu. Herufi kubwa hazikuja.

Nyanya akaondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Nimeivunja," alisema.

"Hapana, nyanya, ngoja."

"Nimeivunja, Wakio. Mashine ya kanisa!"

Alimwita Wakio, hakumwita somo. Mikono aliificha ndani ya kanga. Wakio alijaribu tena na tena, na kila mara kompyuta ililia. Kwa kila mlio nyanya alizidi kujikunyata. Mwisho akasimama akatoka nje, akakaa kwenye ngazi akitazama milima ya kwao.

Kutoka siku hiyo hakukanyaga kituoni. Aliponda kimanga cha muhogo na maharagwe, akafua, akafagia ua uliokwisha fagiwa. Asubuhi moja Wakio alimkuta akipanga nguo zake kikapuni.

"Unakwenda wapi, nyanya?"

"Nyumbani. Nitamwambia mchungaji asomeshe mwingine. Kusoma ni kwa watu wa shule. Mikono hii ni ya jembe."

"Nyanya, tafadhali. Ningoje mpaka kesho kutwa tu."

"Haya. Ila usinipeleke kule tena, somo. Naona haya."

 Wakio alikuwa amemwahidi nyanya herufi, akampa aibu. Akawaza: HERUFI imetungwa kwa toleo la zamani, na jipya haliielewi; je, aliondoe toleo jipya? Hapo wanafunzi wangekosa mtihani. Aiandike HERUFI upya, neno kwa neno? Muda huo hakuwa nao. Na hakujua kama lile toleo la zamani bado lilikuwepo, au jipya lilikuwa limelifuta.

Kwa bahati, kesho yake, Ijumaa, alifika Philemon, aliyesoma na Wakio chuoni. Alikuwa mtu wa Taveta, akitunza kompyuta katika ofisi ya shamba moja la mkonge. Alikuja na mkungu wa ndizi begani.

"Hodi! Wakio!"

"Naam! Karibu!" aliitika nyanya kutoka jikoni. Akatoka, akaupokea mkungu kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu. Umeniita kwa jina na zawadi juu. Mungu akuzidishie."

Wakio wa shule akatoka chumbani. "Wee Philemon, umeniita mimi au yeye?"

"Nilikuita wewe," Philemon alisema akijikuna kichwa, "lakini ndizi zimekwisha kwenda."

"Zimefika kwa mwenyewe," nyanya alisema. "Aliye karibu na mlango ndiye huitika. Nyinyi watu wa Taveta hamkufundishwa kutaja mtu vizuri?"

Wote wakacheka. Nyanya alikuwa hajacheka siku nyingi, na Wakio alishukuru. Walipokaa, alimweleza Philemon yote, kwa sauti ya chini. Philemon alisikiliza, akimenya ndizi.

"Hebu nikuulize," alisema. "Ile programu uliifungua katika toleo jipya ukaihifadhi tena?"

"Hapana. Ilikataa tu."

"Afadhali! Ungeihifadhi humo ungeweza kuiharibu. Sasa, toleo jipya lilipoingia, uliliweka chumba kimoja na la zamani?"

Chumba hicho watu wa kompyuta hukiita direktori. Ni kama chumba ndani ya kompyuta, cha kuwekea vitu visichanganyike na vingine.

"Nililipa chumba chake," Wakio alisema.

"Basi la zamani liko salama. Shida yako ni hii hapa niliyoiona mlangoni. Una BASIC mbili nyumba moja. Ukiandika BASIC peke yake, kompyuta inapita chumba hadi chumba, kwa mpango iliopewa. Chumba cha kwanza kitakachokuwa na mwenye jina hilo, huyo ndiye atakayeitika. Haiendi mbele kutafuta mwingine."

"Na toleo jipya limejiweka chumba cha mbele!"

"Ehe. Limekaa karibu na mlango. Limepokea ndizi za mwenzake, halafu haziliki kwake."

Wakio alijipiga paji la uso. "Ala! Nilikulia katika nyumba ya hivyo, Philemon! Na bado sikuona?"

"Na kitu kingine. BASIC ikifunguka, mstari wa juu kabisa wa kioo unasema nini?"

Wakio akakumbuka. Akaona haya. "Unasema ni toleo gani."

"Uliusoma?"

"Sikuusoma."

Kutoka jikoni sauti ikasema, "Mwalimu wangu hasomi!" Kumbe nyanya alikuwa akisikiliza muda wote, mwiko mkononi.

Wakafungua kituo mchana huo huo. Kwanza Philemon alimtaka Wakio anakili HERUFI kwenye disketi na kuiweka kando. "Kabla ya kugusa kitu, weka nakala. Ikiharibika, una pa kurudi." Kisha akamwachia kiti. "Fanya wewe. Mimi nitakuwa Taveta, nyanya yako atakuwa hapa."

Wakio alikipa chumba cha toleo la zamani jina ZAMANI, na cha jipya jina JIPYA. Halafu akaita kwa jina kamili, pamoja na chumba: \ZAMANI\BASIC HERUFI.

Neno likaja, kubwa kama tofali: SHUKURU.

Wakio alipiga kigelegele peke yake mle ndani. Philemon akaziba masikio.

"Bado," Philemon alisema. "Kila programu, mstari wa kwanza, andika imetungwa kwa toleo gani. Kesho kutwa utakuwa umesahau. Halafu tengeneza faili fupi ya kuita. Ndani yake andika huo mwito mrefu, ili mtu aandike neno moja tu. Wanafunzi wawe na lao la kuita toleo jipya, nyanya awe na lake. Neno gani atalikumbuka?"

Wakio alilijua hata kabla hajamaliza kuulizwa.

Kazi ya kumrudisha nyanya ndiyo ilikuwa ngumu. Jioni Wakio alikaa naye kwenye kigoda jikoni, bega kwa bega.

"Nyanya, hukuivunja. Kule ndani kuna masomo wawili, kama sisi. Tulimwita wa jikoni, akaitika wa shule. Wa shule hakuijua kazi, akapiga kelele. Basi. Kosa ni langu, niliyewaweka wawili nisiwatofautishe."

Nyanya alitazama mikono yake.

"Na yule wa jikoni? Mlimfukuza?"

"Hatukumfukuza. Yuko chumbani mwake. Anakungoja wewe."

"Mpya hakumfukuza mzee," nyanya alisema polepole, kama anayeonja chumvi.

"Nani atamfukuza, nyanya? Kazi yako anaijua yeye tu."

 Nyanya akainuka, akachota maji, akaenda kuoga. Wakio alipoona kanga safi alijua.

Kituoni nyanya alikaa ncha ya kiti. "Nibonyeze nini?"

"Andika jina lako."

"Langu? Sijapata kuliandika kwenye mashine."

"Liandike leo."

Kidole kilitafuta. W. Kikapotea, kikarudi. A. K. I. Kwa O alicheka kidogo. Wakio akamwonyesha kibonye cha kumalizia, na nyanya akakibonyeza huku amefumba macho. Hakukuwa na mlio. Alipofumbua, neno SHUKURU lilikuwa pale, kubwa, limetulia.

"Ameniitika," alisema. Sasa machozi yalikuwa yake, na hakuyaficha. "Somo yangu, ameniitika mimi."

Waliendelea hivyo hadi Mavuno. Mchana wanafunzi waliandika DARASA, wakapata toleo jipya. Jioni nyanya aliandika WAKIO, akapata la zamani. Crispus akamnakilia somo lote kwenye karatasi ya manila kwa herufi kubwa, akilipwa kwa kimanga.

Jumapili ya Mavuno kanisa la Chawia lilijaa ndizi, maboga na baridi. Mchungaji akasimama.

"Somo la kwanza litasomwa na Wakio."

Vichwa vyote vikamgeukia Wakio wa shule, mwenye miwani na viatu vya mjini. Jerusha, aliyekaa nyuma yake, akamgusa bega. "Simama, mama. Umeitwa."

Wakio hakusogea. Alikaza mikono mapajani.

"Naam!" alijibu mtu kwa sauti kubwa, kama yuko jikoni kwake.

Nyanya akapita katikati ya kanisa na manila yake kwapani. Akaikunjua. Akaanza neno moja moja, akilingoja neno, kama alivyozoea. Penye neno gumu alisimama, na kanisa zima likasimama naye. Jerusha aliinama mbele, midomo ikimtembea, akimsaidia bila kujua. Neno likatoka. Akaendelea hadi mwisho, hakuruka hata moja.

Akina mama wakapiga vigelegele, na Jerusha ndiye aliyeanza.

Nyanya alirudi akakaa kando ya mjukuu wake. Alikuwa akihema kama aliyepanda mlima na kuni. Akamshika mkono.

"Somo yangu," alinong'ona, "umelisikia somo langu?"

"Nimelisikia, nyanya."

"Leo wameita," nyanya alisema, "na nimeitika mimi."