Priska na Breki ya Mbele

Kila Jumamosi asubuhi Priska alizifunga chupa za dawa kwa majani makavu ya mgomba, akazipanga ndani ya sanduku la mbao. Baba yake, Eliamini, alikuwa mganga wa zahanati ya kanisa katika milima ya Upare, juu ya mji wa Same. Mwaka ule wa 1954, Waingereza wakiwa bado wanatawala Tanganyika, kanisa lilimpa pikipiki ili apeleke dawa katika vijiji vya tambarare. Priska, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alikaa nyuma na kulikumbatia sanduku.

Jumamosi moja, kwenye kona ya mwisho ya mteremko, walikuta mbuzi wamejaa njiani. Eliamini alikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote. Gurudumu la nyuma likaganda, likaburuzika upande, nao wakaanguka majanini. Ndani ya sanduku chupa zikapasuka.

"Nilikuambia ushike vizuri!" Eliamini alifoka.

"Nilishika, Baba."

"Ungeshika zingevunjika?"

Priska aliinama kuokota vipande vya chupa. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kuanguka na kuvunja chupa, na nyumbani kila mtu alikwisha kuamini kwamba mikono yake ni mizembe.

Huko chini mama mmoja aitwaye Susana alikuwa akiwasubiri tangu alfajiri. Macho ya mtoto wake yalikuwa yamevimba na kutoa usaha.

"Dawa ya macho imemwagika, mama; huyu binti hakushika vizuri," Eliamini alisema.

"Hata Jumamosi iliyopita mliniambia hivyo hivyo," Susana alijibu, akamfunga mtoto mgongoni na kuondoka bila kuaga.

Kutoka hapo walikwenda Same, kwa fundi Mbaraka, jirani na stesheni ya reli.

"Shikamoo, mzee," Priska alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

"Matairi haya yamekwisha, yanateleza," alisema Eliamini.

Mbaraka aliyapapasa matairi. Yalikuwa mazima. Kisha akajaribu kuvuta breki ya mkono wa kulia, ile ya gurudumu la mbele, lakini haikusogea. Waya wake ulikuwa umeshika kutu.

"Breki ya mbele unaitumia, Bwana Mganga?"

"Naitumia."

Priska aliinama. Kumpinga baba mbele ya watu ni utovu wa adabu. Lakini akinyamaza, Jumamosi ijayo wataanguka tena, na lawama zitakuwa zake.

"Baba haigusi," alisema. "Nakaa nyuma yake, nauona mkono wake."

"Priska!"

Mbaraka alianza kufungua nati za waya ule. Hatimaye Eliamini akashusha pumzi.

"Nilipokuwa najifunza niliivuta nikiwa kwenye kona yenye mchanga. Ikanirusha. Tangu siku ile naiogopa."

"Uliivuta kwa ghafla, tena pikipiki imelala upande. Hata mimi ingeniangusha," alisema Mbaraka. "Sikiliza. Ukifunga breki, uzito unakwenda mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, linateleza. La mbele ndilo linalokusimamisha. Inyooshe pikipiki kwanza, kisha kanyaga ya mguu na uvute ya mkono kwa pamoja. Anza polepole, halafu ongeza."

Alipokwisha kubadilisha waya, walikwenda kwenye uwanja mtupu. Priska aliweka jiwe mahali pa kuanza kufunga breki, akapima kwa hatua. Kwa breki ya mguu peke yake, pikipiki ilisimama baada ya hatua ishirini na sita. Kwa zote mbili, ishirini na tatu.

"Bado unaiogopa! Rudia!" Mbaraka alipiga kelele.

Eliamini alirudia mara ya pili, ya tatu, ya nne. Jasho lilimtiririka, akapiga teke vumbi kwa hasira. Mara ya sita Priska alihesabu hatua kumi na nne. Alihesabu tena kwa kuwa hakuamini.

Jumamosi iliyofuata, wakiteremka, ng'ombe alichomoka ghafla vichakani. Priska alifumba macho. Akahisi pikipiki ikinyooka, kisha ikipungua mwendo bila kuyumba, hadi ikasimama. Alipofumbua macho, ng'ombe alikuwa mbele yao akitafuna, na hakuna chupa iliyovunjika.

Susana alipata dawa siku hiyo. Alipokuwa akishukuru, Eliamini alimvuta binti yake karibu, mbele ya watu wote waliokuwa wamepanga foleni.

"Mama, dawa yako haikumwagwa na mtoto huyu. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha vibaya, nikamsingizia," alisema. Kisha akamgeukia Priska. "Nisamehe, mwanangu. Niliona haya kusema kwamba naogopa, na haya hiyo imewaumiza wengine. Mtu asiyejua kitu na akubali kufundishwa, hata kama ni mtu mzima kama mimi. Na wewe, siku nyingine ukiona nakosea, usingoje tuanguke mara tatu. Niambie."

"Nitakuambia, Baba," alijibu Priska, akarudi kwenye sanduku na kuanza kumpa baba yake dawa za waliopanga foleni, moja moja.