Kivumbasi cha Ayinpoka

Kila asubuhi kabla ya shule, Ayinpoka hufagia uwanja na kuchota maji. Lakini leo hakukuwa na shule, naye alikimbilia kwanza gunia lake la majani ya kivumbasi. Mama yake alijifungua juzi, na kwao Bolgatanga, kaskazini walikotoka, mzazi hupewa supu ya majani hayo makavu. Aliyapanda na kuyakausha mwenyewe, na alitamani supu hiyo ipikwe leo kwa mkono wake.

Alipofungua gunia, uvundo ulimpiga puani. Majani yalikuwa meusi, yameota ukungu.

"Ala! Nimekosea wapi?"

Alifuata kila alichofundishwa na bibi: tandaza juani siku tatu, kisha funga gunia. Kule Bolgatanga, siku ya tatu jani huvunjika kama karatasi. Hapa Axim, pwani ya mvua, walikuwa wamehamia miezi minne tu. Kwani jua si lile lile? Au kuna mtu aliyamwagia maji?

Akachukua kitambaa, akaanza kupangusa ukungu jani moja moja.

"Unapangusa nini, binti?" Alikuwa Mama Ezoah, jirani yao mkausha samaki, amekuja kumwona mzazi.

"Vumbi tu, mama."

"Vumbi linalonuka hivyo? We mtoto, mama yako ananyonyesha!"

Ayinpoka akaangua kilio. "Ni ukungu, mama. Nilitaka kuuficha. Lakini sielewi! Nilihesabu siku tatu kamili!"

"Siku tatu za kwenu hizo," Mama Ezoah alicheka. "Kwenu upepo ni mkavu, hunyonya maji yote. Hapa hata chumvi hulowa mezani. Sisi hufunga vishada vidogo, tukavitundika juu ya makaa baada ya kutoa samaki."

"Na supu ya leo?"

"Bustani yako imekufa? Si uchume mabichi!"

Hilo halikuwa limemjia Ayinpoka. Kwao, msimu kama huu, jani bichi halipatikani.

Akachuma, akapika, na mchana mama yake alikunywa bakuli zima. Ayinpoka akamweleza mama yake yote, hata kile kitambaa.

"Sikiliza, binti," alisema Mama Ezoah, aliyekuwa bado pale. "Usihesabu siku, livunje jani. Likikunjika bado, likikatika tayari. Na ukikosea, sema mapema. Kosa tungelicheka tu. Ukungu uliofichwa ungemlaza mama yako kitandani."