Gari ya Ami Ilivyoniachisha Mke

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tano, dereva, mkaazi wa Kikwajuni hapa Unguja. Nilikuwa na mke, leo sina. Hakufa, hakutoroka, wala hakunikosea hata neno moja... Niliyemtoa nyumbani ni mimi, kwa kinywa changu, na kilichonifikisha huko ni gari mbovu! Mnacheka? Chekeni, lakini nisikilizeni mpaka mwisho.

Kabla ya Mapinduzi nilikuwa dereva wa tajiri mmoja wa karafuu aliyekaa Shangani. Gari yake ilikuwa nyeusi, ya milango minne, na niliitunza kuliko nilivyojitunza mwenyewe. Baada ya Mapinduzi tajiri wangu alifunga nyumba akahama na watu wake. Gari ikaishia kwa mtu mmoja wa Darajani aliyekuwa akinunua magari ya wanaohama na kuyauza tena. Mtu huyo alikuwa Seif, ami yake mke wangu.

Naomba mnielewe hapa. Mke wangu, Zuhura, alifiwa na baba yake angali mdogo, kwa hiyo walii wake alikuwa huyo ami yake. Siku ya nikaha ndiye niliyeshikana naye mkono, ndiye aliyeniozesha. Kwangu alikuwa mkwe hasa! Nikimwona njiani nilikuwa nikishuka baiskeli nimwamkie, hata kama nina haraka.

Miaka michache ikapita, nikiendesha magari ya watu kwa ujira wa siku. Ndipo Ami Seif akaniita dukani kwake.

"Khamis mwanangu," akaniambia, "gari ya tajiri wako n'nayo mie. S'taki kumuuzia mtu mwengine na wewe upo. Ifanye teksi, uiweke pale bandarini Malindi, mle na mwanangu Zuhura."

Moyo wangu uliruka kwa furaha! Niliuza minazi yangu yote ya urithi kule Donge, tena upesi upesi, nikiogopa asije akabadili nia. Rafiki yangu mmoja alinishauri nimchukue fundi akaikague kwanza. Nilimkasirikia. Nimchukue fundi? Nifungue boneti mbele ya mkwe wangu, watu wamekaa barazani wanatazama, kama kwamba namwita mwizi? Na gari yenyewe si ile ile niliyoiendesha miaka na miaka?

Basi nikakaa kwa adabu, tukanywa kahawa, ikasomwa Fatiha, nikapewa ufunguo. Mkono nilioushika siku ile ndio ule ule ulioniozesha Zuhura. Mngekuwa nyinyi, mngetia shaka?

Loh, wenzangu! Nilipoitia moto nikaisikia inakohoa. Nikajiambia imelala muda mrefu, itachangamka tu.

Haikuchangamka. Klachi ilikufa karibu na Mwanakwerekwe, nikiwa nimempakia mgonjwa na mama yake. Waliteremka juani wakaanza kutembea, na mimi nikarudi mjini nikikokotwa na gari ya ng'ombe, watoto wakipiga vigelegele. Nikatengeneza klachi. Ikafuata rejeta, ikavuja mpaka ikakauka. Nikatengeneza rejeta. Ikaja giaboksi!

Mnaokumbuka miaka ile mnajua spea zilivyokuwa adimu. Madukani hakuna kitu. Fundi wangu, aliyeitwa Haji, kijana mpole wa Gulioni, kila mara alikuwa akikuna kichwa, kisha akiniambia kwamba kuna mtu anayo moja iliyotoka Dar es Salaam, lakini ghali. Nami nilikuwa nikimshukuru! Nilikuwa nikimwombea dua!

Pesa za minazi zilikuwa zimekwisha. Zuhura akavua kikuku kimoja mwenyewe, bila ya kuombwa, akanitilia mkononi. Vilikuwa vikuku vya marehemu mama yake. Alikuwa hana kingine cha kumkumbukia. Cha pili nilimwomba. Mkufu nilimwomba pia, lakini siku hiyo sikumwangalia usoni. Herini... herini sikuomba tena, nilisema tu kwamba zinahitajika.

Ndipo siku moja mchana, baada ya kula, Zuhura aliposema lile neno. Mama yangu alikuwa uani anachagua mchele. Gari ilikuwa imekwama tena, haiweki chaji, na Haji alikuwa ameshaniambia kwamba dainamo imeungua.

"Mume wangu," alisema kwa upole, "mie Ami yangu namjua. Nimelelewa kwake. Vitu vya watu akivishika haviwi vile tena. Mrejeshee gari yake akurejeshee chochote, tujue moja."

Maneno hayo yalinichoma. Mimi nilikuwa nimemtetea mtu yule mbele ya marafiki, mbele ya mama yangu, mbele ya nafsi yangu. Leo mwanamke aniambie kwamba nimefanywa mjinga? Hasira zilinipanda. Ningeweza kutoka nje. Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilisimama nikapiga ukelele:

"Ikiwa Ami yako kanidhulumu katika gari hii, basi wewe Zuhura huna ndoa! Umeachika talaka tatu!"

Mama aliangusha ungo, mchele wote ukamwagika. Zuhura alifunika mdomo wake kwa mkono. Mimi nilivaa viatu nikatoka, nikijiona mwanamume kweli kweli. Ewe Mola wangu, ujinga gani huu!

Niliporudi hakuna aliyelitaja jambo lile. Kiapo kilifungamana na dhulma, na dhulma haikuthibitika, kwa hiyo tuliendelea kukaa kama mke na mume. Zuhura alinipa pete zake mbili za mwisho za dhahabu kwa ajili ya dainamo.

Haji alinikabidhi dainamo ikiwa imefungwa kwenye gunia. Nilichukua kitambaa na mafuta ya taa, nikaanza kuifuta grisi. Mkono wangu ukagusa kitu karibu na sikio lake, pale inapokazwa kwa bolti.

Wenzangu, zamani nikiwa dereva wa tajiri, sikio la dainamo lilipata ufa katika barabara ya Chwaka. Sikuwa na washa ya kukazia. Nyumbani tulikuwa na dele la kahawa lililotoboka, nikakata kipande cha shaba kutoka mdomoni mwake, nikakipiga tupa mpaka kikaingia pale sawasawa. Kipande kile kilikuwa mbele ya macho yangu! Hata nakshi za dele zilikuwa bado zinaonekana.

Nilimuuliza Haji imetoka wapi. Akatazama chini.

"N'samehe, kaka Khamis. Mie n'natumwa tu. Spea zote nlizokutilia zatoka stoo kwake Mzee Seif. Alizikongoa kabla hajakuuzia, akatia mbovu."

Damu ilinichemka. Yaani nimeuziwa gari yangu vipande vipande? Dhahabu ya Zuhura imerudi kwa ami yake mwenyewe? Niliibeba dainamo kifuani, sikufikiria kitu kingine chochote, nikaenda mbio mpaka Darajani. Watu walikuwa wamejaa barazani kwake. Sikuamkia!

"Umenidhulumu!" nilipiga kelele. "Haya watu tazameni, huyu kanidhulumu!"

Ami Seif hakuinuka. Aliweka kikombe chake chini taratibu, akanitazama kama anayemhurumia mtoto.

"Khamis," alisema, "Zuhura alikuja hapa akamlilia shangazi yake. N'na habari ya ulichomwapia. Sasa, ikiwa mie nimekudhulumu, mwenyewe wasema mwanangu si mkeo tena. Na ikiwa s'kukudhulumu, nenda kwako, mkeo akungoja. Haya, sema. Watu hawa wanasikiliza."

Baraza zima likanigeukia. Nakiri kwenu kwamba kiapo kile nilikuwa nimekisahau kabisa, nimekisahau kwa sababu ya chuma!

Mnaona mtego ulivyokuwa? Neno moja la uongo na Zuhura angebaki wangu. Watu wangeamini, Ami angetabasamu, na mimi ningerudi nyumbani kula. Lakini kipande cha dele kilikuwa kinanichoma kifuani. Ningewadanganya watu, je, Mwenyezi Mungu? Ningelala na nani usiku ule?

"Umenidhulumu," nilisema tena, safari hii kwa sauti ndogo. Nilikuwa nalia.

Nilimwendea sheikh wa mtaani kwetu, nikitumaini kwamba atanipatia upenyo. Aliniuliza kama nilitamka tatu. Nikasema tatu. Akaniuliza kama nina hakika ya dhulma. Nikamwekea ile dainamo miguuni. Mzee wa watu alishika ndevu zake, akaniambia nimwachie Zuhura njia.

Zuhura alikuwa jikoni nilipoingia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu sikujua tena kama nina ruhusa ya kumsogelea. Aliniuliza swali moja tu.

"Uliitazama vizuri?"

Nilielewa. Alikuwa ananiomba niseme hapana.

"Niliitazama vizuri," nikamjibu.

Akazima moto wa chungu. Akavaa buibui lake. Alipopita karibu yangu niliona mikono yake mitupu, haina hata pete. Mama alimfuata mpaka nje akilia kwa sauti kana kwamba kuna msiba, na ulikuwa msiba kweli. Na alikwenda wapi, mnadhani? Mwanamke asiye na baba wala mume hurudi kwa walii wake. Alirudi kwa Ami Seif!

Gari ilibaki mlangoni kwangu ikila vumbi. Sikuweza kuitazama. Ami alipomtuma mtu kuitaka kwa bei ya vyuma chakavu, nilimpa ufunguo na ile dainamo juu yake. Sikutaka hata kujua wanaipeleka wapi.

Eda ilikwisha. Nilisikia kwamba Zuhura amechumbiwa na mfanyabiashara wa Mombasa, mtu mzima. Sikuwa na haki ya kuuliza lolote. Siku hizo nilikuwa nimepata kazi ya kuendesha lori, na jioni moja, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa Malindi nikingojea mzigo. Nikasikia mlio wa gari unakuja. Sikuhitaji kugeuka. Naujua mlio ule! Ulikuwa safi, laini, kama siku nilizokuwa nikiiendesha Shangani...

Ilikuwa imepakwa rangi upya. Mbele alikaa Ami Seif. Nyuma, kati ya wanawake wawili, alikaa Zuhura amejifunika, anapelekwa melini kwa mumewe. Sijui kama aliniona. Nilijificha nyuma ya lori langu.

Ndugu zangu, vijana hasa, nawasihi. Ukinunua gari, hata kama anayeuza ni mkweo, fungua boneti na lete fundi wako, na atakayenuna na anune. Haya zangu ndizo zilizoninunulia ubovu. Na ukipandwa na hasira, toka nje, tembea, rudi ukishapoa! Mkeo usimtie katika ugomvi wa vyuma. Kwani ana kosa gani?

Vyuma hutengenezeka. Gari ile ilirudishiwa spea zake zote, ikampakia Zuhura, ikaenda mpaka getini pa bandari bila ya kuzima hata mara moja.