Bahasha ya Kavutha

Jumamosi, saa tano na dakika kumi asubuhi, Kavutha alifungua bahasha yake ya kaki kwenye kaunta ya saiba, duka la kompyuta la Nyawira mtaani Waithaka, atolewe nakala za vyeti. Ndani mlikuwa na karatasi nyeupe tupu. Cheti cha kidato cha nne, cha kuzaliwa, barua ya kuitwa kwenye mchujo wa makurutu wa uhamiaji, vyote havikuwemo.

"Woi! Anti, nimekwisha!"

"Hujakwisha. Mchujo ni lini?"

"Jumanne, saa mbili, mjini. Hiyo siku sijaambia mtu, hata Mbithe. Na nikikosa sasa, sijui kama nitaitwa tena."

Nyawira alifunga saiba. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amewachapishia watafuta kazi fomu, na subira kwa wajinga ilishamwishia kitambo.

"Bahasha uliiacha wapi?"

"Kwa Afande. Tulipoenda kukimbia, saa tatu, alisema mifuko ibaki ukumbini."

Haya, huyo Afande. Lazarus alikuwa na miaka thelathini na tatu, kofia nyeusi, na darasa la kuandaa vijana kwa mchujo katika ukumbi wa kanisa. Alijiita afisa wa uhamiaji aliye kwenye likizo ya masomo. Likizo yenyewe ilikuwa na miaka mitatu, na kitabu hakuna aliyewahi kumwona nacho. Lakini vijana wetu, wapigie filimbi uwaambie "tumbo ndani, mgongo wima", watakuamini hata ukisema wewe ndiye unalinda mipaka yote ya Kenya.

Walifika ukumbini saa tano unusu. Ufunguo ulikuwa na Mzee Kinyanjui, mtunza ukumbi, kwa hiyo Nyawira alianza naye.

"Mimi nifanye nini na vyeti vya mtoto wa wenyewe?" mzee alifoka. "Saa tatu mpaka saa nne nilikuwa juu ya paa nazibua mifereji. Uliza Ochola, ndiye alinishikia ngazi."

Fundi Ochola, ngazi ikiwa bado mkononi, alisema ni kweli.

Akabaki Mbithe, rafiki ya Kavutha, aliyeomba kazi hiyo hiyo akakosa kuitwa. Kifundo cha mguu kilikuwa kimemvimba, hakukimbia, akaachwa peke yake na mifuko. Darasa zima lilikuwa limeshamhukumu kwa macho. Aibu kwao.

"Ni wivu tu," mmoja alinong'ona.

"Wivu gani?" Mbithe alilia. "Afande alirudi na pikipiki eti amesahau filimbi, akanituma maji dukani. Kurudi, nikapata ameshaenda."

"Saa ngapi?"

"Tatu na nusu hivi."

Lazarus mwenyewe aliingia wakati huo. Hakumpa Nyawira mkono, alimgotea ngumi kwa salamu. "Niaje, Mathe. Pole kwa huyu dada, na Jumanne ndiyo hiyo inafika! Mimi namshuku Mbithe."

Nyawira alimsukumia rundo la karatasi za darasa ambazo Lazarus aliagiza kwake, naye akaja nazo. Ikabidi azipokee kwa mikono yote miwili.

"Usiziweke chini. Hivyo vidole vina nini?"

"Grisi ya pikipiki."

"Grisi hupaka kiganja kizima. Wewe umechafuka ncha tu, zote kumi. Huo ni wino wa alama za vidole. Kila anayetoka mjini kuomba cheti cha tabia njema cha polisi hurudi kwangu nao kwenye kucha. Sasa afisa aliye kazini tayari anakiombea nini? Na Jumanne, nani alikuambia? Kavutha hajamwambia mtu."

Lazarus alianza kurudi nyuma. Mzee Kinyanjui alimnyang'anya mkoba wake wa begani, akaumwaga mezani. Vyeti vya Kavutha vilianguka, kisha barua mbili za mwito. Moja ya Kavutha, nyingine ya Lazarus. Siku ile ile, saa ile ile, mahali pale pale.

"Nilichungulia barua yake, nikaona siku ni ile ile yangu. Angeniona kwenye foleni," Lazarus alisema, akiangalia sakafu. "Hii ni mara yangu ya nne kuomba. Mngejua sijawahi kufanya kazi hiyo hata siku moja."

"Kwa hivyo umharibie msichana maisha, na umsingizie mwenzake, ndiyo wewe uendelee kuitwa Afande?" Nyawira alimtazama kutoka kofia hadi viatu. "Ptu! Wewe ni mtu bure kabisa."

"Mathe, tafadhali, polisi hapana. Nitanyimwa cheti cha tabia njema!"

Ochola alicheka mpaka ngazi ikamponyoka.

Kavutha hakucheka. "Ulitufundisha afisa akimkamata mtu na stakabadhi za mwingine anafanya nini?"

Lazarus alivuta kofia ikamfunika macho.

"Anamripoti," Mbithe alijibu, akichechemea kufungua mlango aende kuwaita polisi.

Jumanne, saa mbili na dakika ishirini, jina la Lazarus liliitwa mara tatu mjini. Hakuna aliyeitika. Karani alilipiga mstari, akaita la Kavutha. Msichana alinyoosha mgongo, akavuta tumbo ndani jinsi yule mwizi alivyomfundisha, akaingia na bahasha yake.